Siku Pweza Alipovuliwa Kava

Kwetu hakipotei kitu. Nalisema hili kifua mbele, kama alivyokuwa akilisema baba yangu kila mgeni akivuka kizingiti. Rimoti yetu ilivalishwa nailoni siku ile ile iliyonunuliwa, ikafa imo humo humo, na tukaizika kwenye droo bado imevaa. Viti vina vitambaa, vitambaa vina plastiki, na ukikaa siku ya joto unainuka na kiti chako. Risiti ya friji tunayo. Friji ndiyo hatuna. Mtu akikuambia nyumba ile wamepoteza kitu, mwambie amekosea mlango.

Sasa sogea nikusimulie tulivyopoteza kitu kimoja tu, kile ambacho watu wa mabara mengine walikuwa wakikililia.

Baba ni fundi wa televisheni, lakini mtaani wanamwita Sinema, kwa sababu ya chumba chetu kidogo cha nyuma. Zamani, kabla ya kanda za video na kabla ya haya mambo ya simu, mtu aliyetaka kutazama filamu nyumbani alinunua mkanda mfupi uliozungushwa kwenye gurudumu dogo, akaupachika kwenye projekta, akauelekeza ukutani. Dakika chache, basi, ukuta ukarudi kuwa ukuta. Mikanda hiyo ilikuja ndani ya maboksi bapa, ya ukubwa wa sahani, na juu ya kila boksi palikuwa na mchoro. Marehemu Babu alikuwa akiwaonyesha watu wa mtaa mikanda hiyo sebuleni. Alipofariki, Baba alirithi projekta, shati moja lililombana, na maboksi ya kujaa chumba.

Mkanda wenyewe mara nyingi ni uongo mtupu. Aliyechora boksi ama hakuwahi kuiona filamu, ama aliiona akaionea huruma. Juu ya boksi simba anararua treni. Ndani, simba amelala na treni haipo kabisa. Baba aliwapenda wachoraji hao kuliko waigizaji. Waigizaji, alisema, wameandikwa majina yao kwenye mkanda, lakini mchoraji wa boksi hakuandikwa popote, kwa hiyo kazi yake ikioza, yeye ameoza mara mbili.

Mama hakuwa na ugomvi na wachoraji. Mama ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na ugomvi wake ulikuwa na chumba. Dada yangu mkubwa alikuwa amejifungua, mumewe amepelekwa kazini mbali, na alikuwa anarudi nyumbani na mtoto kupumzika. Kila akipita mlango wa chumba kile Mama aliuliza, bila kumtazama mtu, mjukuu wake atalala wapi, juu ya simba au chini ya treni.

* * *

Baba alikuwa kwenye kundi moja la mtandaoni. Watu wake wametawanyika duniani kama punje za mchele uliomwagika, na kazi yao, kama ni kazi, ni kupiga picha maboksi ya mikanda hii na kuziweka mahali pamoja ambapo yeyote anaweza kuzitazama bure. Hawauziani, hawashindani. Akipata mmoja, wamepata wote. Alikuwemo daktari wa meno mstaafu, ambaye alizisafisha picha zilizochakaa, doa kwa doa, kwa subira ile ile aliyowatesea wagonjwa wake. Alikuwemo mama mmoja tusiyemjua sura, kwa kuwa alijiwekea picha ya paka. Tukamwita Mama Paka. Kila mtu aliandika kwa lugha yake na simu ikatafsiri. Ndiyo maana siku moja Daktari alimwita Baba "birika langu mpendwa", na hadi leo hatujui alikusudia nini.

Katika ghala lao hilo la picha kulikuwa na mraba mmoja wa kijivu, mtupu. Chini yake pameandikwa jina la filamu tu: Pweza wa Mwezini. Mkanda ulijulikana, na wenye nao walisema ni mbaya kupita kiasi, pweza ana mikono mitatu na mmoja unaonekana uzi. Lakini boksi lake hakuna aliyekuwa nalo. Daktari alikuwa na kipande tu, kona iliyochanika, ambayo ilikaa dirishani mwa duka fulani ikapigwa na jua miaka na miaka. Kwenye kipande hicho unaonekana mnyiri mmoja, yaani mkono wa pweza, wa buluu. Kwa ajili ya mnyiri huo walikuwa wamebishana mpaka wengine wakanuniana: je, pweza mzima ni wa buluu, au huo mmoja tu uko kwenye kivuli cha mwezi?

Siku Baba alipouona mraba ule mtupu, aliruka kwenye kiti na plastiki ikaruka naye. Boksi hilo alilijua. Alipokuwa mtoto lilikaa hapa hapa nyumbani; alilala akiliota na akaamka akililia. Hakuenda kuangalia kwanza. Hakufungua hata mlango wa chumba. Aliandika pale pale, kwa kidole kimoja, ulimi nje: "Ninalo. Zima. Kwetu hakipotei kitu."

Simu ilianza kutetemeka mezani, ikatetemeka ikitembea, ikafika ukingoni ikaanguka. Daktari aliandika kwamba ilibidi akae chini. Mama Paka alituma paka kumi na kitu mfululizo. Wakakubaliana kuwa Jumamosi alasiri Baba atawasha kamera, na kundi zima litalitazama boksi hilo kwa pamoja, moja kwa moja.

Mama aliyasikia yote haya akiwa anapiga pasi kola. Aliiweka pasi wima.

"Baba watoto, hao watu wako wana nyumba?"

"Wanazo."

"Zina vyumba?"

"Kwa nini zisiwe navyo?"

"Basi wachukue maboksi wakakae nayo."

Baba akamwambia hajui anachokisema, kwamba watu watakatisha usingizi na chakula chao kwa ajili ya boksi moja. Mama alicheka kicheko cha mtu aliyepewa silaha. Akamwekea sharti: kama Jumamosi hao watu watakaa kweli, wazima, wenye akili zao, kutazama boksi tupu, basi maboksi yatabaki chumbani na yeye atajua mwenyewe pa kumlaza mjukuu. Wasipokaa, au boksi lisipokuwepo, Bwana Kilo ataingia na mkokoteni wake. Baba akampa mkono kabla hajamaliza sentensi.

Bwana Kilo ndiye mnunuzi wa makaratasi wa mtaa wetu. Mizani haimtoki begani. Nasikia hata salamu huipima kwanza.

* * *

Msako ulianza kwa nyimbo. Baba alitoa maboksi chumbani moja moja, akilifuta kila moja na kulisimulia, na sisi tukayapanga ukumbini hadi mtu wa kwenda bafuni akawa anapita ubavu. Tulimpata simba na treni yake. Tulipata mizimu, ndege za kivita, wachekeshaji wanene kwa wembamba. Kufikia maboksi ya mwisho nyimbo zilikuwa zimepungua. Nyuma kabisa, kwenye pembe, Baba alikuta mfuko wa mkate uliofungwa fundo juu ya fundo. Ndani yake mlikuwa na mkanda wa Pweza wa Mwezini, gurudumu na yote, mtupu kama ulivyozaliwa. Boksi hakuna.

Tukatafuta juu ya kabati, tukatafuta ndani ya projekta, tukatafuta hata kwenye droo ya rimoti marehemu. Baba aliuliza kila mtu swali lile lile: umeliona boksi lenye pweza? Hakuna aliyeliona boksi lenye pweza.

Katikati ya balaa hilo akaja Bwana Kilo kukagua mzigo, kwa kuwa Mama alikwishamdokeza. Aliamkia kwa adabu, akaokota boksi la simba, akaligonga kwa kidole kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa asiye na matumaini.

"Mzee, kwa heshima yako nisikufiche," alisema. "Hii siyo hata katoni nzuri. Ina rangi. Rangi inawasumbua kiwandani. Nitaichukua kwa bei ya trei za mayai."

Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri televisheni yake aliangua kicheko, kisha akajifanya anakohoa. Baba ameitwa mengi maishani mwake, lakini hajawahi kulinganishwa na kuku. Aliitengeneza televisheni ya bwana yule kimya kimya, akampelekea hadi mlangoni. Bwana yule alirudi jioni kulalamika kwamba picha ni nzuri lakini haina sauti, na Baba akamwambia avumilie, vicheko vyake vinatosha.

Ijumaa Baba hakufungua kazi. Alikaa na simu, akaandika, akafuta, akaandika. Ujumbe ulianza na "Ndugu zangu" na haukuvuka hapo. Kundini walikuwa wanahesabiana saa: fulani kwake itakuwa alfajiri, fulani amemwomba bosi wake ruhusa kwa kumdanganya kwamba anang'olewa jino, na Daktari amethibitisha uongo huo kitaalamu. Kila ujumbe uliomfurahisha mtu huko ulimkunja Baba hapa. Hakuogopa Mama wala Bwana Kilo kama alivyoliogopa neno lake mwenyewe, lile "zima".

Bibi, mama yake Baba, alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Masikio yake husikia anachotaka. Alinivuta shati.

"Mume wangu, hawa wanatafuta nini siku zote hizi?"

Nikamwambia ni boksi la mkanda, lenye picha ya pweza.

"Yule mwenye mikono mingi, kamkumbatia msichana asiyejistiri?"

Baba aliinua kichwa polepole. "Unalijua, Mama?"

"Nalijua vipi? Si nilimvisha."

"Ulimvisha nani?"

"Wote wawili. Alikuwa anakuja mchumba wako na wazazi wake kututazama. Ulitaka wakaribishwe na pweza yule mezani? Nilichukua karatasi ya kaki nikamfunika kama daftari la shule. Baadaye nikampa mkwe wangu, alikuwa hana pa kuwekea vifungo vyake."

Cherehani iliyokuwa inanguruma ikanyamaza. Mama alikuwa na vifungo viwili mdomoni na mkono mmoja ndani ya boksi la kaki lililokaa kiwikoni pake tangu alipoolewa. Aliutoa mkono taratibu, kama aliyegundua kuwa kuna kitu humo kinapumua.

Baba alipiga magoti mbele ya cherehani. "Umekaa na pweza wangu miaka yote hii."

"Nimekaa na wewe pia," Mama alisema, akavitema vifungo, "na sikulalamika."

* * *

Furaha ilidumu muda wa kumwaga vifungo kwenye sinia. Halafu Baba akaligeuza boksi, akapitisha kidole kwenye kingo za ile kaki, na rangi ikamtoka. Gundi.

Bibi akasema ndiyo, gundi, alitaka abandike kwa mate? Aliipika mwenyewe kwa unga. Baba akawaandikia wenzake: boksi lipo, lakini limefunikwa karatasi, na karatasi imebandikwa, na hajui imebandikwa wapi. Kundi likawaka moto. Daktari alishauri mvuke wa maji. Mama Paka aliomba, kwa jina la vitu vyote vitakatifu, asiguse kitu, asubiri mtaalamu. Mwingine akashauri kitambaa chenye unyevu, na mwingine akamwuliza huyo kama amewahi kuogesha karatasi. Wote walikubaliana jambo moja: gundi ikiwa imeshika mchoro, kaki itaondoka na pweza, na wa pili hayupo.

Bibi alikereka. Alisema yeye amefunika madaftari ya watoto sita, na hajawahi kulitia daftari hata tone. "Kava halibandikwi kwenye daftari," alimwambia Baba, akimwonyesha kwa viganja. "Unalikunja, masikio yake yanaingia ndani, unabandika sikio kwa sikio. Kava linabandikwa kwenye kava. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua."

Baba akamwitikia kwa heshima zote. Pembeni akaninong'oneza kwamba jana yake Bibi alitafuta miwani nyumba nzima huku ameivaa. Kumuamini alitaka, moyo haukumpa. Hata hivyo aliamua hatalifungua kwa siri. Aliahidi kuwaonyesha; kama ni kuchanika, lichanike wanaona.

Jumamosi meza ya Mama ya kukatia vitambaa ilisogezwa chini ya dirisha, ikatandikwa shuka jeupe, na simu ikasimamishwa juu ya makopo ya rangi, ikitazama chini. Dada alikuwa amewasili asubuhi na mtoto wake begani. Yule mteja wa televisheni isiyo na sauti alikuja, akasema amekuja tu kuulizia sauti. Bwana Kilo aliegesha mkokoteni uani, tayari kwa lolote, kwa kuwa Mama alisema sharti ni sharti.

Kwenye simu wakaanza kuchomoza, dirisha moja moja. Mtu na nguo za kulalia. Mtu ameketi ndani ya gari lake kwa sababu nyumbani watoto wanapiga kelele. Daktari, mzee mwembamba, amevaa tai. Halafu Mama Paka akawasha kamera, akawa ni bwana mkubwa mwenye masharubu ya kutosha watu wawili. Tulimtazama, akatupungia. Tukaendelea kumwita Mama Paka, tumeshazoea.

Mama aliwatazama muda mrefu. Walikuwa wamekaa kweli, wengine na chai mkononi, hakuna aliyekuwa anacheka. Sharti la kwanza lilikuwa limemponyoka, na alilijua.

Alikuwa anainyoosha simu juu ya makopo ilipoingia salamu ya pembeni, kwa Baba peke yake. Mama ndiye aliyeisoma. Mtu wa kundi hilo hilo alikuwa anataka kulinunua boksi. Alitaja kiasi ambacho Mama alikirudia kimoyomoyo mara mbili. Chumba kizima cha nyongeza kingejengwa, na kabati lake. Sharti lake lilikuwa dogo: kamera izimwe sasa hivi, waambiwe mtandao umekatika, na picha isionekane na mwingine, leo wala kesho. Alitaka awe nalo yeye tu.

Mama alimsomea Baba kwa sauti ya chini. Baba alimtazama Dada na mtoto, akautazama mlango wa chumba, akamtazama mkewe, na wote mle ndani tulijua anauliza nini. Alikuwa amemwibia mwanamke huyu chumba maisha yao yote, na sasa chumba kimejileta kinabisha hodi.

"Watu wameshakaa," Mama alisema.

"Unasemaje?"

"Umeita watu, wamekaa. Utawazimia taa?"

Akaufuta ujumbe kwa kidole gumba, akairudisha simu kwenye makopo, na akaligeukia boksi.

* * *

Baba ana mikono inayounganisha nyaya nyembamba kuliko unywele, lakini siku hiyo aliificha mgongoni kama mwizi. Mama alimsogeza kwa nyonga. Alichukua kile kisu chake kidogo cha kufumulia nyuzi, akakipulizia pumzi akakifuta, akamwuliza mama mkwe wake aanzie wapi.

"Sikio la chini," Bibi akaamuru kutoka kitini, miwani juu ya pua. "Usiliparamie. Lifumue kama pindo."

Ncha ya kisu ikaingia chini ya kaki. Ikasikika sauti ya karatasi kavu, *krrr*, na huko kwenye simu mtu akasema neno ambalo halikuhitaji tafsiri. Sikio la kwanza likafunguka. Chini yake, katoni safi, haina hata doa. Bibi alikaa vizuri zaidi kitini. Sikio la pili likaachia lenyewe, kama lilikuwa limechoka kushikilia. Daktari alilegeza tai.

La tatu likagoma.

Mama alisimama. Kwenye pembe ile gundi ilikuwa imevuja, ikashika kaki na boksi kwa pamoja. Baba alifumba macho. Mtoto wa Dada akapata kwikwi, na kila kwikwi ilisikika kama mlango unaobamizwa. Mama akalowesha ncha ya kitambaa, akaigusisha pembe, akasubiri. Akainama akapumulia pale, pumzi fupi za joto, kama anavyopumulia lenzi za miwani ya Bibi. Akagusa tena. Akasubiri tena. Mama Paka alikuwa amejiziba mdomo kwa masharubu yake mwenyewe.

Kaki ikainuka. Iliondoka na kipande cha anga, kidogo kama kucha ya mtoto, cheusi, chenye nusu ya nyota. Basi. Mama akaishika kwa vidole viwili, akaifunua yote kama mtu anayefungua dirisha.

Pweza alikuwa mwekundu.

Siyo wekundu wa kubahatisha. Mwekundu wa pilipili iliyoiva, mwekundu mpaka shuka jeupe likapata haya. Alikuwa amekaa juu ya mwezi kama mfalme juu ya kigoda, minyiri yake yote imetanda hadi kingoni, na kila mnyiri na vivuli vyake vya zambarau, na nyuma yake anga nyeusi yenye nyota zilizonyunyizwa kwa mswaki. Jua huanza kula rangi nyekundu, Daktari alitueleza baadaye, buluu huiacha mwisho; kipande chake kilikuwa kimeliwa. Lakini dakika ile hakueleza lolote. Alikiinua kile kipande chake cha buluu mbele ya kamera, akakitazama, akakiweka chini, akaanza kucheka peke yake. Kisha kundi zima likalipuka, lugha zote kwa mpigo, na simu ikashindwa kutafsiri ikatuandikia tu: "Nyekundu nyekundu nyekundu nyekundu."

Dada alipiga kigelegele kilichotibu kwikwi ya mtoto. Yule mteja alikumbatiana na Baba akasahau sauti yake. Baba alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, akiwa amemshika Mama mabega kwa nyuma, akimwambia tazama, tazama, na Mama akamjibu anatazama, ni yeye aliyefungua.

Halafu Dada akainama, akauliza huyo msichana asiyejistiri yuko wapi. Tukatazama sote. Msichana alikuwepo, lakini amevaa nguo za kwenda mwezini, kofia ya kioo, glavu na buti mpaka magotini. Amevaa kuliko sisi sote. Wala hakukumbatiwa, alikuwa ameukalia mnyiri mmoja, anamwongoza pweza kama farasi.

Macho yote yakamgeukia Bibi.

"Basi siku ile sikuwa na miwani," alisema.

Kabla watu hawajaondoka Baba alilitafuta jina la mchoraji kila pembe kwa ile lenzi yake ya kutazamia nyaya. Halikuwepo. Alilisema hilo kwenye kamera kwa sauti ndogo, na madirisha yote yakanyamaza kidogo, kama watu wanavyonyamaza kwa ajili ya marehemu. Jioni ile ule mraba wa kijivu ulijazwa, na chini ya picha wakaandika kwamba mchoraji hajulikani, na kwamba rangi zimehifadhiwa na Bibi, kwa karatasi ya kaki na gundi ya unga.

Mama alitimiza neno lake. Mjukuu alilazwa pale ilipokuwa meza ya kukatia vitambaa, meza ikahamia ukumbini, na mwenda bafuni bado anapita ubavu hadi leo. Daktari aliandika kwamba maboksi yote yakae mbali na mwanga. Bibi akasema yeye alilijua hilo kabla Daktari hajaota meno ya kwanza, akaagiza kaki. Sasa Baba hupiga picha boksi, akawatumia wenzake, kisha Bibi hulivisha, sikio kwa sikio, na juu yake Baba huandika kilichomo, maana safari hii tumejifunza.

* * *

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwasimulia juzi wateja wawili waliokuwa wanasubiri televisheni zao sebuleni kwetu. Niliwachukua kutoka mfuko wa mkate mpaka kwenye kwikwi ya mtoto. Nikawaambia kwamba mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono kifuani, macho makavu, na huo wekundu niliuona hata kabla kamera haijauona. Hakukuwa na wa kunibishia. Siku ile kila aliyekuwa ndani alikuwa ameitazama meza na kunipa mgongo.

Bwana Kilo alikuwa amepita kuchukua vipande vya kaki vilivyobaki. Aliteremsha mizani begani.

"Mlangoni wapi?" aliuliza.

Nikamwonyesha mlango.

"Wewe ulikuwa uani, kwenye mkokoteni wangu. Umeipa nyumba mgongo, umeziba masikio." Akawageukia wale wateja, bila ubaya wowote, kama anayesoma uzito. "Alinishika mkono huu, akaniomba nichungulie dirishani kwa niaba yake. Kila mara ananiuliza, limechanika? Namwambia bado. Mzee anafanya nini? Nikamwambia analia. Akashuka mkokotenini akataka kukimbia kabisa. Nikamwambia ngoja wewe, analia huku anacheka."

Cherehani ya Mama ilinyamaza. Baba aliinua kichwa kutoka mgongoni mwa televisheni, bisibisi mkononi, akanitazama, na hakuangalia pengine.

"Na haya yote anayotusimulia?" mteja mmoja akauliza.

"Kayaona baadaye, kwenye rekodi ya simu," Bwana Kilo alisema. "Kama hao wengine."

Nikainuka nikasema naenda kuzima jiko. Jiko lilikuwa halijawashwa.